Kitanda cha Dirishani

Mpaka leo mtu akitaja semina mbele yangu natamani kumrushia kandambili. Siyo kwamba sipendi kujifunza. Nimejifunza mengi kwa watu, na mengine nilijifunza nikiwa nimepitwa na umri wa kujifunza. Ila kuna semina moja ilinikaa kooni na haijashuka.

Nilikuwa mhudumu kwenye makao ya wazee wasiojiweza, nje kidogo ya Mkiwa, karibu kabisa na barabara kuu. Zamani makao yalikuwa ya serikali, na kila kitu kiliitwa jina lake. Mzee aliitwa mzee, bibi aliitwa bibi, na mtu akifa tulisema amekufa. Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa, maduka ya watu binafsi yakafunguliwa kila kona, ushirika wa mazao ukafa, hospitali zikaanza kutaka watu wachangie, na makao yetu yakakabidhiwa kwa shirika moja lenye gari jeupe. Shirika lilileta magodoro, sitasema uongo, na sabuni za kutosha. Likaleta na neno "mteja". Wazee wetu wakawa wateja. Nilimwuliza msimamizi, "Mteja ni mtu anayenunua. Hawa wananunua nini hapa, uji?" Akaniambia nisiwe mbishi, ndivyo shirika linavyotaka.

Huyo msimamizi alikuwa karani wa ushirika kabla ushirika haujafa. Hakuwa mtu mbaya, na wazee walimpenda kwa sababu alikaa nao na kusikiliza habari zao za zamani. Lakini alikuwa mwoga. Mara moja alishapoteza kazi na hakutaka kupoteza nyingine, kwa hiyo kila agizo alilopewa alilishika kwa mikono miwili, hata lile ambalo hakulielewa.

Basi akaja mwezeshaji kutoka mjini, na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Tukakalishwa kwenye bwalo la chakula, tukapewa soda za moto. Somo lilikuwa namna mhudumu anavyopaswa kupokea kifo cha mteja. Akasema mhudumu asilie mbele ya wateja. Akasema habari isitolewe ghafla, wateja wasije wakapata mshtuko. Akasema ratiba ya kawaida iendelee. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Na mzee akiniuliza mwenzake yuko wapi?" Akasema, "Unamwelekeza kwa msimamizi." Nikamtazama yule baba, shati limenyooka, nikajiuliza kama amewahi kufiwa hata na shangazi. Msimamizi wetu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno.

Alikuwa na sababu yake, lazima niseme. Masika moja wazee wawili walikufa wakifuatana, kukawa na kilio kikubwa, na mzee wa tatu akakataa kula mpaka naye akaondoka. Tangu hapo msimamizi akajiwekea kichwani kwamba habari ya kifo ndiyo inayoua wazee. Semina ikampa nguvu. Mimi nilimwambia yule wa tatu alikuwa anaumwa tumbo muda mrefu, lakini nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Sasa niwaambie habari za hawa bibi wawili, maana kisa chote ni chao.

Mmoja tulimwita Bibi wa Sekenke. Alipokuwa binti alikuwa akiwapikia wachimbaji kule kwenye machimbo ya dhahabu, na ulimi wake ulibaki kuwa wa machimboni. Akikusema umesemwa. Alikuwa Mwislamu wa kufunga na kuswali, lakini matusi yalimponyoka, halafu anaomba msamaha kwa Mungu palepale, halafu anaendelea. Mwenzake tulimwita Bibi wa Iguguno. Huyo alikuwa wa kanisani, mpole, mkaidi kama punda, na alikuwa haoni. Macho yalimwisha kabla mimi sijaanza kazi pale. Kitanda chake kilikuwa dirishani, na kutoka kitanda hicho aliyajua makao yote kwa mikono: ukuta, mlango, nguzo, nguzo nyingine, choo. Ukimhamisha hata kigoda chake tu, anapotea.

Walikuwa na mchezo wao. Bibi wa Iguguno alisikia gari likiwa mbali, sisi hatujasikia hata upepo. Anasema, "Lori la mzigo hilo. Linatoka Singida. Limelemewa." Bibi wa Sekenke anaamka kitandani kwake, anakokota miguu hadi dirishani, anashika nondo na kusubiri lipite. Kisha anasimulia: "Magunia ya vitunguu. Juu yake matenga ya kuku. Lori lenyewe kijani. Utingo amelala, mdomo wazi, nzi watamwingia huyo." Wanacheka wote wawili kwa Kinyiramba chao, na mimi Mnyaturu nimesimama na ndoo yangu nangoja nitafsiriwe. Mchezo huo ulikuwa kuanzia uji wa asubuhi mpaka jua linazama. Ulinikera, maana hawakukubali kuogeshwa kabla basi la Itigi halijapita. Lakini ulikuwa unawaweka hai, na mimi nilijua hivyo.

Kisha miguu ya Bibi wa Sekenke ikavimba. Akawa hawezi tena kufika dirishani. Akamwomba mwenzake wabadilishane vitanda. Bibi wa Iguguno akasema hapana, akitoka pale hajui tena choo kiko upande gani. Hapo ndipo ule ulimi wa machimboni ulipotoka: "Wewe dirisha la nini? Unaona nini huko?"

Bweni zima lilisikia. Bibi wa Iguguno aligeukia dirishani. Alifunga mdomo, na toka siku hiyo hakumsemesha mwenzake.

Jamani, nilipata tabu! Magari yalipita na hakuna aliyesema kitu. Bibi wa Iguguno anayasikia, unamwona kabisa shingo inageuka, lakini kimya. Bibi wa Sekenke naye amelala anatazama dari, kiburi hakimruhusu kuuliza. Nikasema tusogeze vitanda vikaribiane. Mmoja akasema hawezi kulala karibu na mtu mwenye mdomo kama ule. Mwingine akasema hawezi kulala karibu na mtu mwenye roho ya jiwe. Nikasema basi mmoja awe anakaa dirishani asubuhi na mwingine jioni. Wote wakanuna, wakaninunia na mimi! Watu wazima, mvi kichwa kizima. Nilitamani kuwachapa.

Asubuhi moja nafika kazini, namkuta msimamizi getini ananisubiri, kofia mkononi. Akaninong'oneza, "Bibi wa Sekenke ametutoka. Alfajiri. Nimemweka stoo."

Stoo. Kwenye magunia ya mahindi na madebe ya mafuta ya alizeti. Walimtoa kwa mlango wa nyuma, amefunikwa blanketi, wenzake wakiwa bado wamelala, au wakijifanya wamelala.

Nililia palepale getini. Semina au si semina, nililia. Msimamizi akawa anatazama huku na huku kama mtu aliyeiba. "Mama, tafadhali. Ratiba ya kawaida iendelee. Sheikh nimemwita, watamzika baada ya sala ya adhuhuri. Tukishazika, tutawaambia wazee pole pole. Kwa sasa yuko hospitali."

"Na Bibi wa Iguguno?"

"Huyo ndiye hasa asijue. Atakufa na yeye."

"Baba, hawa walikuwa wamenuniana."

"Ndiyo maana."

Nikamwambia ndiyo maana inabidi ajue! Kwetu mtu haendi ardhini na kinyongo cha mwenzake. Kama mlikosana, unamsemesha kabla udongo haujamfunika, hata kama hawezi kukujibu, unasema yaishe, ndipo anazikwa. Hilo msimamizi alilijua, ni mtu wa hukuhuku, hakuzaliwa kwenye semina. Lakini alikuwa ameziba masikio. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka kichwa kinaniuma.

"Na uji wake mpelekee kama kawaida. Uweke kwenye kigoda chake."

"Uji wa nani?"

"Wa Bibi wa Sekenke. Wakiona kikombe hakipo watajua."

"Marehemu nimpelekee uji?"

"Usitaje hilo neno!"

Nikagoma. Mpishi, ambaye alikuwa na familia yake na hakutaka maneno na mtu, akauchukua yeye. Akaupeleka kwenye kile kitanda kitupu, akauweka kigodani. Hata sukari alitia. Nilimwuliza baadaye sukari ilikuwa ya nini, akasema alizoea.

Nikatoka uani. Wazee wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao, na wote walikuwa wamevua kofia. Nikawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia, "Marahaba." Mmoja akaniuliza bila hata kunong'ona, "Mama, majembe yako wapi?"

"Majembe ya nini, babu?"

"Usitufanye watoto wewe. Ardhi ya huku ni mawe matupu. Tusipoanza sasa, adhuhuri itatukuta hatujafika magotini."

Nikamtazama msimamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Akageuka upande mwingine. Muda si mrefu wakaja akina mama wa Kiislamu kutoka Mkiwa, wameshika ndoo na vitambaa vyeupe, wakapita mbele ya kila mtu kwenda stoo. Msimamizi akawatangazia wazee kwa sauti kubwa kwamba hao wamekuja kufua mablanketi. Khaa! Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Makao mazima yalijua, jikoni walijua, mbuzi wa jirani walijua, na sisi tunaendelea na mchezo wa kuigiza kwa sababu ya makaratasi ya ukutani. Nilimfuata msimamizi nikamwambia, "Unamficha nani? Umebaki wewe tu unayejificha." Akaniambia nimvumilie mpaka adhuhuri.

Sikuwa na muda wa kumvumilia. Jua lilikuwa linapanda. Nikaingia bwenini kwa akina bibi.

Bibi wa Iguguno alikuwa amekaa kitandani kwake, uso dirishani, upepo unampiga usoni. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikakaa miguuni pake na sikujua nianzie wapi, maana kulia nimekatazwa, na kusema nimekatazwa, na nilichobakiza ni kukaa tu kama gunia.

Yeye ndiye aliyeanza. "Huo uji nani atakunywa?"

"Uji gani, bibi?"

"Ulioletwa pale kwake. Nimesikia kikombe kikiwekwa. Nimengoja kusikia kikinyanyuliwa. Mimi sioni, mwanangu. Siyo mjinga. Mtu nimelala naye chumba kimoja miaka yote hii, nisijue kama anapumua?"

Nikamwambia. Nikasema amekufa alfajiri, yuko stoo, wanamwosha, watamzika adhuhuri. Nikasema twende ukaseme naye, nitakushika mkono, ni hapa nyuma tu.

Akasema, "Siendi."

"Bibi, muda hautoshi."

"Siendi. Yeye ndiye aliyenikosea. Aanze yeye."

Mungu wangu! Nilisimama. Nilimpandishia sauti bibi wa watu, mzee kama mama yangu mzazi, mbele ya bweni zima. "Bibi, amekufa! Ataanzaje? Ataamka aseme samahani, halafu alale tena? Nyinyi mnataka kuniua mimi! Huko nje nina mtu mzima anayepelekea maiti uji, humu nina mtu mzima anayemnunia maiti!"

Nilidhani atanifukuza. Machozi yakashuka kutoka kwenye yale macho yasiyoona. Sikujua kama bado yanatoa machozi. Akasema, "Nilikuwa nimeshamsamehe. Nilikuwa nangoja aniulize gari. Angeniuliza gari moja tu, ningemjibu. Kila likipita nilikuwa nangoja."

Hasira yote iliniishia. Nikakaa tena, nikamshika mikono, na nililia naye kwa sauti, na bibi wengine vitandani wakalia, na kama semina ilikuwa na neno la kusema kuhusu hilo, lilijisemea lenyewe huko ukutani.

Msimamizi akaingia mbio. "Nini tena? Nini tena hapa?"

Bibi wa Iguguno akamgeuzia uso. "Mjukuu wangu, mwenzangu yuko wapi?"

Msimamizi alishauzoea uongo wake, akasema tu. "Yuko hospitali, bibi. Tumempeleka alfajiri."

"Mlimpeleka na nini?"

"Na gari."

"Gari halikuja," akasema Bibi wa Iguguno.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama alivyokuwa akisema kila siku, hili la mafuta, hili la mzigo, hili basi. Msimamizi akavua kofia. Akamwambia, "Yuko stoo, bibi. Nisamehe. Niliogopa nawe utatuacha."

"Nitawaacha siku yangu ikifika. Mleteni hapa. Mimi siendi stoo. Mtu hasemeshwi kwenye magunia."

"Bibi, ameshaoshwa, ameshavishwa sanda. Watu wanamngoja nje."

"Mleteni hivyohivyo. Mpitisheni mlango wa mbele, kwani kaiba? Na mumlaze hapa." Akapiga kwa kiganja godoro alilokalia. Kitanda chake. Cha dirishani.

Nilikimbia. Sheikh alikuwa ameketi barazani na wanaume wachache, na jeneza limeegemezwa ukutani. Nikamweleza, maneno yananitoka ovyo. Akatazama jua, akatazama msimamizi aliyekuwa nyuma yangu na kofia mkononi, akasema, "Haya, lakini msikawie." Tukambeba, akina mama waliomwosha, na mimi, na msimamizi upande wa kichwa. Alikuwa mwepesi mno. Ulimi ule ulitufanya sote tumdhanie mzito. Tukazunguka uani, wazee wakasimama kwenye mabenchi, hata yule asiyeweza kusimama alishikwa akasimama, tukaingia kwa mlango wa mbele.

Bibi wa Iguguno alikuwa ameshahama. Alikuwa amepapasa mwenyewe akaenda kukaa kwenye kitanda cha mwenzake, kile cha ukutani, na alipokuwa akipapasa alikipiga kigoda teke, uji ulikuwa umemwagika sakafuni na miguu yake iko ndani ya uji. Tukamlaza marehemu dirishani. Mama mmoja akaufunua uso kidogo. Upepo ukaingia ukaitikisa ile sanda.

Tukangoja aseme. Kila mtu alingoja. Nje sheikh alikohoa. Na yule bibi amekaa tu, mikono magotini, shingo imeelekea barabarani, hasemi kitu. Msimamizi alinitazama. Mimi damu ikaanza kunichemka tena, nikataka kumwambia, bibi, tafadhali, kama ni kumsamehe msamehe, watu wamesimama juani.

Kisha akainua kidole. Sisi hatukusikia kitu.

"Lori la mzigo," akasema. "Linatoka Singida. Limelemewa."

Tukatega masikio mpaka na sisi tukalisikia. Likaja likiunguruma, madirisha yakatetemeka, likapita. Vumbi likaingia mpaka kitandani. Halafu likaishia huko kwenye njia ya Manyoni, na Bibi wa Iguguno alikuwa bado ameinua kidole, amegeuza sikio kwenye kile kitanda, anangoja kama alivyongoja siku zote zile.

Nilitazama wale akina mama, nikamtazama msimamizi, nikaona hawajui kinachongojwa. Nikaenda nikasimama kando ya marehemu. Nikashika nondo ya dirisha. Lori lilikuwa limeshapita, lakini nilikuwa nimeliona.

"Vitunguu, bibi," nikasema. "Magunia mpaka juu. Na matenga ya kuku."

"Utingo?"

"Amekaa juu ya magunia. Amejifunga shuka kichwani."

"Rangi?"

"Bluu."

Akashusha kidole. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Umesikia?" akamwambia mwenzake. "Bluu."

Kisha akatugeukia sisi. "Haya, mchukueni."